Selimundu na Swali la Ukoo

Katika nyumba nyingi za Kericho na Bomet, neno urithi huleta fikirani shamba na ng'ombe, mali ya baba. Labda ndiyo sababu mtoto akipatikana na selimundu, nasikia watu wakiuliza ugonjwa umetoka ukoo gani. Na lawama, kama kawaida yetu, humwangukia mama. Swali hilo lina kasoro. Selimundu hurithiwa kwa baba na mama pamoja, kila mmoja akitoa jeni yake, ilhali wao wenyewe huweza kuwa wazima.

Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alionyesha kwamba mwenye jeni moja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Kwa hiyo jeni hiyo imeenea zaidi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na huko ziwani ndiko zilikotoka familia nyingi za wachumaji chai. Huku kwenye baridi, mgonjwa hushikwa upesi na maumivu makali ya mifupa, chembe za damu zilizopinda kama mundu zikiziba mishipa. Walimu wenzangu, huyo si mtoro.

Nao wazazi wakiambiwa "mmoja kwa wanne", wasidhani aliyeugua amewakinga wadogo zake watatu. Uwezekano huo ni ule ule kwa kila mimba.