Muziki wa kumkumbuka Lincoln: kumheshimu kiongozi bila kumwabudu

Kiongozi wa serikali akitembelea kanisa, mara nyingi korali huombwa kumtungia wimbo. Jina lake linarudiwa katika kila ubeti, na watu wanapiga makofi. Tukirudi nyumbani tunajiuliza: je, tumempa heshima yake, au tumempa sifa zilizo za Mungu peke yake? Biblia inatuagiza kuwaombea wenye mamlaka (1 Timotheo 2:1-2). Lakini Zaburi ya 146 inatuonya tusiweke tumaini letu kwa wakubwa. Basi, mtunzi wa nyimbo afanye nini? Tungependa kueleza habari ya kazi moja ya muziki ambayo inaweza kutusaidia kujibu.

Kazi hiyo inaitwa Lincoln Portrait, maana yake "Picha ya Lincoln". Iliandikwa na Aaron Copland, Myahudi wa Marekani, mwana wa wahamiaji. Ni muziki wa okestra, yaani kundi kubwa la wapigaji wa violoni, filimbi, tarumbeta na ngoma, kama lile la Kanisa la Kimbanguiste lililoanzishwa Kinshasa mwaka 1994.

Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili, Desemba 1941, kiongozi wa okestra Andre Kostelanetz aliwaomba watunzi watatu waandike muziki juu ya Wamarekani mashuhuri. Copland alimchagua Abraham Lincoln, rais aliyeongoza nchi wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe. Tarehe 1 Januari 1863 Lincoln alitangaza uhuru wa watumwa katika majimbo yaliyoasi, na mwezi wa Aprili 1865 aliuawa kwa risasi.

Lakini Copland aliingiwa na wasiwasi. Aliona kwamba hakuna mtunzi anayeweza kuufikia kwa muziki ukubwa wa mtu kama huyo. Kwa hiyo aliamua kumwacha Lincoln aseme mwenyewe, kwa maneno ya hotuba na barua zake.

Muziki huo unachukua karibu dakika 15, nao una sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni ya polepole, nzito, kama mtu anayetembea na mzigo moyoni. Ya pili ni ya haraka na inaonyesha maisha ya watu wa wakati ule. Humo Copland alitumia nyimbo ambazo watu wa kawaida walizijua. Katika sehemu ya tatu okestra inashusha sauti, na msomaji anasimama kusoma. Anataja mahali Lincoln alipozaliwa, anasema kwamba alikuwa mtu mrefu na mtulivu, kisha anasoma maneno yake juu ya utumwa, juu ya uhuru, na juu ya serikali iliyo mali ya wananchi. Sifa ni chache sana. Wasikilizaji wanaachiwa wapime wenyewe.

Muziki huo ulipigwa mara ya kwanza Cincinnati, tarehe 14 Mei 1942. Baadaye ulionyesha nguvu ambayo wimbo wa kusifu tu hauna. Mwaka 1953 uliondolewa katika tamasha la kumwapisha Rais Eisenhower, kwa sababu mbunge mmoja alimshuku Copland kuwa na uhusiano na wakomunisti. Mwaka 1957 Copland aliuongoza Caracas, nchini Venezuela, wakati wa udikteta wa Marcos Pérez Jiménez. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba maneno ya mwisho juu ya serikali ya wananchi yaliposomwa, watu walishangilia kwa kelele hata muziki haukusikika tena. Miezi michache baadaye, Januari 1958, dikteta huyo alikimbia nchi.

Fikirini tofauti. Wimbo unaosema tu kwamba kiongozi ni mkuu huisha siku anapoondoka madarakani, na korali inabaki na aibu. Beethoven alilijua jambo hilo. Mwaka 1804 alikuwa ameandika jina la Bonaparte kwenye simfoni yake ya tatu. Aliposikia kwamba Napoleon amejifanya mfalme mkuu, alilikwangua kwa hasira hata karatasi ikatoboka. Lakini muziki unaobeba ukweli ambao kiongozi aliusimamia hubaki, na hata huwapima viongozi wanaokuja baada yake.

Kwa korali zetu tunaona mafundisho matatu. La kwanza, tusiharakishe kumwimbia aliye hai na mwenye kugawa zawadi. Safari yake haijaisha. La pili, tukimkumbuka kiongozi aliyekwisha kufariki, tuseme alichofanya na alichosema, wala tusimpe majina ya Mwokozi. La tatu, wimbo wetu uwe ule ambao mjane aliyekimbia vita anaweza kuusikiliza bila kuona kwamba tumemsahau.

Ikiwa kiongozi atakuja Jumapili ijayo, tumkaribishe kwa adabu, tumwombee kwa jina lake, na tumsomee Neno la Mungu. Sifa zibaki madhabahuni.