Fahamu: Leya si mghushi wa picha
Machi 2024, mashirika ya habari yakiwemo AP, AFP na Reuters yaliiondoa picha ya Catherine, mke wa Mwanamfalme William wa Uingereza, akiwa na wanawe, baada ya kubaini kuwa imechezewa: mkono wa kushoto wa bintiye, Charlotte, haukuoana na sweta yake. Ni rahisi kuzilaumu programu za kuhariri, lakini lawama hiyo inakosea njia. Leya, zilizoingia kwenye programu ya Photoshop mwaka 1994, huwezesha kila badiliko liwekwe juu ya picha bila kuigusa picha yenyewe, mfano wa karatasi angavu zilizopangwa. Ukizima moja, kilichokuwa chini yake kinaonekana. Programu ya Photopea hufanya hivyo bure ndani ya kivinjari, na faili hubaki kwenye kifaa chako.

Atasema mtu kwamba leya ndizo humrahisishia mghushi kazi. Kweli. Lakini humwachia mhariri mwaminifu ushahidi wa alichobadilisha, mradi ahifadhi faili la PSD, lenye leya zake. JPEG huzigandisha zote kuwa picha moja, na ushahidi unapotea. PSD ni nzito, hilo halina ubishi, na bando lina gharama. Basi tuma JPEG, PSD ibaki kwako.