Mbu wa malaria awindwe kiangazi, kabla mvua hazijarudi

JIONI ikiingia, mama wa Nachingwea au Ruangwa hufunga madirisha, huteremsha chandarua na kuwaita watoto ndani. Anafanya vema. Lakini mbu anayemhofia alizaliwa siku kadhaa kabla, pengine kwenye maji ambayo watoto hao hao huyachezea mchana: shimo lililochimbwa udongo wa matofali, dimbwi la kando ya barabara au kisima cha kienyeji bondeni.

Wazazi wengi hufyeka majani kuzunguka nyumba wakiamini wamemaliza mbu. Majani humpa mbu mahali pa kupumzika tu, hazaliani humo. Hutaga mayai majini, na kwa joto la kusini yai huweza kuwa mbu anayeruka ndani ya wiki moja hadi mbili. Ndiyo maana inashauriwa ndoo na mapipa yamwagwe maji na kusuguliwa kila wiki.

Mzazi anaweza kuchunguza mwenyewe. Chota maji kwa bakuli jeupe, subiri yatulie, kisha tazama. Kiluwiluwi cha Anofelesi, mbu wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Viluwiluwi vya mbu wengine huning’inia kichwa chini. Anofelesi hupenda maji yaliyotuama yasiyo machafu sana, mengi yakiwa yanapigwa na jua. Kwenye matairi, makopo na vifuu huzaliana zaidi Aedesi, anayeeneza homa ya dengi na kuuma mchana, wakati mtoto hayuko ndani ya chandarua.

Katika wilaya hizi mvua huanza mwishoni mwa mwaka na kukatika kati ya Aprili na Mei. Wakati huo maji yako kila mahali, hata kwenye nyayo za ng’ombe. Kiangazi vijito vinapokauka, mazalia hubaki machache. Shirika la Afya Duniani hushauri dawa ya kuua viluwiluwi itumike hasa pale mazalia yalipo machache, yasiyohamahama na yanayopatikana kirahisi. Kwa hiyo kiangazi ndicho kipindi cha kazi.

Kwanza, kaya zinazochimba udongo wa matofali zifukie mashimo baada ya kazi. Mtoto pia huweza kuzama humo. Pili, mapipa na simtanki yafunikwe vizuri. Tatu, maji yasiyoweza kufukiwa yapelekwe kwenye kikao cha kijiji ili halmashauri ipange kuyapulizia.

Dawa yenyewe hutengenezwa nchini, katika kiwanda cha Kibaha kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba. Mwaka 2017 Rais John Magufuli aliagiza halmashauri ziinunue. Ina bakteria ambao kiluwiluwi akiwala, utumbo wake huharibika, naye hufa. Ikitumiwa kwa kipimo sahihi haidhuru watu, mifugo wala samaki. Huisha nguvu, hivyo hurudiwa kwa ratiba. Oili chafu isimwagwe kamwe kwenye kisima.

Kuua viluwiluwi hakuondoi chandarua. Mtoto na mjamzito walale ndani yake kila usiku, na mtoto akichemka mwili apelekwe kituo cha afya kupimwa ndani ya saa 24, asisubiri dawa ya dukani. Jumamosi moja kwa wiki, familia nzima ikizunguka na bakuli jeupe, huweza kuwapunguza mbu kabla hawajaota mabawa.