Kompyuta ya Mzazi: Ikigoma, Atampigia Nani?

Watu wanaomtafutia mzazi kompyuta yake ya kwanza huanza kwa kuuliza mfumo endeshi upi ni rahisi zaidi. Ningependa waanzie kwingine. Urahisi hautoki kwenye skrini, unatoka kwenye mazoea, na mama ambaye hajawahi kushika kipanya hana mazoea ya mfumo wowote. Windows ni ngeni kwake, Linux ni ngeni vilevile. Mama huyohuyo anatuma pesa kwa simu, anarekodi ujumbe wa sauti WhatsApp na kuupeleka kwenye kundi la kikoba, wala hakuna aliyempeleka darasani. Alijifunza kwa sababu vitufe vilikaa palepale kila siku, na kila alipokwama palikuwa na mjukuu au jirani wa kumwelekeza. Vipimo vya mfumo wa kumfaa ni hivyo viwili: usibadilike-badilike, na awepo mtu wa kuulizwa.

Kipimo cha kwanza kinaibana Windows kuliko wengi wanavyodhani. Mpakato anayopewa mzazi mara nyingi ni ya mtumba, au ni ile mtoto aliyoiacha baada ya kununua mpya, na ndani yake mna Windows 10. Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Waliojiandikisha wameongezewa muda tu wa kupata marekebisho ya usalama. Windows 11 nayo, mbali na kukihamishia katikati kitufe cha Start kilichozoeleka kuwa pembeni, inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, karibu zote ziwe za kizazi cha nane kwenda juu. Mashine ya 2014 haipiti hapo. Fundi anaweza kuilazimisha, lakini Microsoft haiahidi kwamba itaendelea kupata masasisho. Tena anayepiga Windows kwa bei ya chee mara nyingi huiwasha kwa programu ya kukwepa leseni, na programu za aina hiyo hutaka kwanza kinga ya virusi izimwe. Sioni haki ya kumkabidhi mtu mzima nyumba isiyo na mlinzi, kisha tumwambie aweke humo nenosiri la benki.

Kwa mashine kama hiyo nachagua Linux Mint. Ni mfumo wa bure uliopo tangu 2006, unatosheka na RAM ya GB 4, na toleo lake jepesi, Xfce, linakwenda vizuri hata kwenye kompyuta iliyochoka. Kila toleo kuu hutunzwa kwa takriban miaka 5, na menyu imebaki kwenye kona ya chini kushoto. Faili la Windows lenye virusi, likitumwa na tapeli na mzazi akalibonyeza, kwa kawaida halifunguki. Ukurasa wa uongo wa benki, hata hivyo, utamdanganya mtu kwenye mfumo wowote. Chromebook inahitaji matunzo machache zaidi, ila inaegemea mno intaneti, na bando likiisha kazi nyingi husimama.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba fundi wa mtaani anajua Windows tu. Ni kweli, na ndiyo maana kipimo cha pili kinakishinda cha kwanza. Pasipokuwa na mtu mmoja, anayejulikana kwa jina, aliyekubali kuitunza Mint hiyo, mzazi apewe Windows 11 halali kwenye mashine inayoikubali, hata ikibidi kusubiri pesa itimie. Wengine wanahofia nyaraka. LibreOffice, inayokuja pamoja na Mint, hufungua na kuhifadhi faili za Word. Mpangilio huweza kuyumba kidogo, jambo lisilodhuru barua wala taarifa ya kikao. Mweka hazina mwenye majedwali ya Excel yaliyojaa fomula na makro, huyo abaki Windows.

Wapo pia wanaosema dawa ni menyu za Kiswahili. Kazi hiyo ina heshima yake: mwaka 2004 mradi ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na Windows nayo inaweza kuwekwa Kiswahili. Lakini mtoto aliyeko Muscat anapomwelekeza mama yake aliyeko Tanga, msaada wote unapita kwenye simu. Akisema “bonyeza Save” na mama anaona “Hifadhi”, wote wawili wamekwama. Menyu za Kiswahili ziwekwe, ila msaidizi naye abadilishe za kwake.

Mtunzaji akishapatikana, kazi yake ya siku ya kwanza haizidi mchana mmoja. Mzazi afunguliwe akaunti ya kawaida, isiyo na ruhusa ya kusakinisha programu. Programu ya Timeshift iwashwe, ili mfumo ukiharibika urudishwe ulivyokuwa jana, na masasisho yapangwe yajiendeshe yenyewe. Printa ijaribiwe kabla ya kulipiwa. Herufi zikuzwe, na kwenye skrini zibaki ikoni nne tu: kivinjari, WhatsApp, barua na picha. Kisha msaidizi akae pembeni, mikono yake mbali na kipanya, mzazi aiwashe kompyuta na kuizima mwenyewe, mara tatu, mara nne.