Dawa ya kukinga viti vya gari isigeuke balaa

Gari la familia huyaona mengi. Soda humwagika watoto wakipelekwa shuleni, matope huingia wakati wa mvua ya masika, na nyama choma ya safari ya mashambani hudondosha mafuta vitini. Ndiposa wengi hununua kopo la dawa ya kupuliza, ile inayozuia kitambaa kunywa maji na mafuta. Dawa hiyo ni nzuri. Lakini je, wajua inafaa kupulizwa wapi?

Dawa hii ilitengenezewa kitambaa, ambapo hushika kwenye nyuzi. Vinili, ile plastiki laini inayofanana na ngozi, haina nyuzi. Dawa hubaki juu yake na kuacha madoa au utando mweupe. Isitoshe, vinili hulainishwa kiwandani kwa kemikali maalumu. Makopo mengi ya dawa hii yana viyeyushi vitokanavyo na mafuta ya petroli, navyo huweza kuziondoa kemikali hizo. Hapo vinili hufifia, hukauka na hatimaye kupasuka. Plastiki angavu inayofunika kipimamwendo nayo yaweza kuingia ukungu.

Kwa hivyo, soma kwanza maandishi yaliyo kwenye kopo. Ukipata dawa iliyochanganywa na maji, hiyo ni afadhali. Ijaribu mahali pasipoonekana, kama vile chini ya kiti. Safisha kitambaa na ukiache kikauke kabisa. Kisha funika dashibodi, milango na kando za viti kwa magazeti makuukuu au shuka, na ubandike selotepu. Usipulizie usukani wala pedali, kwani zikiteleza utahatarisha maisha.

Matone yakirukia vinili, yapanguse mara moja kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Usitumie petroli wala thina kamwe. Utaondoa doa na kuiharibu vinili yenyewe.

Jambo kuu zaidi ni afya. Mwaka wa 2006 nchini Ujerumani, zaidi ya watu 90 walipata matatizo ya kupumua baada ya kutumia dawa ya kupuliza ya kukinga vioo na vigae vya bafuni. Ukungu wa dawa za aina hii ukifika ndani ya mapafu, huweza kuleta kikohozi na kubanwa na kifua. Ndani ya gari hewa ni kidogo mno. Fanyia kazi hiyo nje, kivulini, milango yote ikiwa wazi na injini imezimwa. Watoto wakae mbali, na asiwepo mtu anayevuta sigara, kwani mvuke wake hushika moto upesi. Ukianza kukohoa, toka nje mara moja, na ukipumua kwa shida, nenda hospitali.

Acha gari wazi hadi viti vikauke na harufu iishe kabla ya kuwabeba watoto. Kopo nalo usiliache garini. Mengi huandikwa yasifikishwe joto la nyuzi 50, na gari lililofungwa juani, hasa kule Mombasa, huweza kupita kiwango hicho.

Kiti chenye doa huoshwa, lakini mapafu ya mtoto hayaoshwi. Tahadhari kabla ya hatari.