Siku kumi kumsubiri bakteria ajigawe

Bakteria aitwaye Psychromonas ingrahamii akiwa kwenye baridi ya nyuzi 12 chini ya sifuri huchukua saa 240 kujigawa na kuwa wawili. E. coli wa matumboni mwetu, akipata joto na chakula cha kutosha, humaliza kazi hiyo kwa dakika 20 hivi.

P. ingrahamii alipatikana ndani ya barafu ya bahari karibu na Point Barrow, Alaska. Barafu hiyo si kavu kama inavyoonekana kwa juu. Maji ya bahari yanapoganda huitema chumvi, nayo hujikusanya kwenye vijifereji vyembamba vya maji makali yasiyoganda upesi. Humo ndimo anamoishi.

Kumwona ni jambo moja, kumjua ni jingine. Chini ya hadubini bakteria wengi ni vijiti au vidoa tu, kwa hiyo ukoo wao hutafutwa kwenye jeni ya 16S, ambayo kila bakteria anayo na hubadilika polepole mno. Ina herufi 1,500 hivi. Mfanano wake na ile ya bakteria wanaojulikana ukishuka chini ya asilimia 98.7, yaelekea hiyo ni spishi mpya. Ukizidi hapo, hukumu bado: jenomu nzima hulinganishwa, na mpaka unaokubaliwa na wengi ni asilimia 95 hadi 96.

Kisha huja maswali ya maabara. Anakula nini? Anastahimili chumvi kiasi gani? Utando wake una mafuta ya aina gani? Hili la mwisho ni la uhai na kifo, kwa sababu mafuta mazito yangegandisha utando kama samli wakati wa kipupwe.

Hata baada ya hayo yote, bakteria mpya bado hajapata jina. Kanuni za kimataifa zinadai bakteria hai awekwe kwenye hifadhi mbili za nchi mbili tofauti, ili mwenye shaka aweze kumwomba na kumpima mwenyewe. Ni sharti la haki, ila linawaumiza wasiokubali kufugwa, nao baharini ndio wengi. Kundi la SAR11, lililotapakaa hadi bahari za ncha za dunia, lilijulikana kwa jeni mwaka 1990. Kulifuga kuliwezekana mwaka 2002.

Mwaka 2022 ulizinduliwa utaratibu mwingine, SeqCode, unaoruhusu jenomu peke yake kubeba jina. Wapo wataalamu wasioutaka. P. ingrahamii hauhitaji: alifugwa, akapewa jina la John Ingraham, Mmarekani aliyechunguza ukuaji wa bakteria kwenye baridi.