Mashairi ya Wazee Wetu Katika Mtihani: Tuwafundishe Watoto Kusoma, si Kukariri

Kila mwaka inapokaribia miezi ya Oktoba na Novemba, misikiti yetu hupokea maombi mengi ya dua kutoka kwa wazazi wenye watoto wa kidato cha nne. Ni jambo jema, na dua haikatazwi kwa mtu. Lakini dini yetu imetufundisha kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali. Na katika somo la Kiswahili, ambalo sisi wa pwani hudhani kwamba watoto wetu wamezaliwa nalo, ipo sehemu moja ambayo wengi huingia nayo mtihanini bila ya kamba wala kigingi. Sehemu hiyo ni ushairi, hasa ushairi wa kale.

Katika mtihani wa KCSE, fasihi ina karatasi yake, karatasi ya tatu, na ndani yake ushairi una nafasi yake. Aghalabu shairi linaloletwa huwa geni kwa mtahiniwa. Hakuna awezaye kulikariri mapema, wala hakuna kitabu cha mwongozo kitakachokuwa na majibu yake. Kinachopimwa ni uwezo wa kijana kuketi mbele ya maneno asiyoyazoea, akayasoma kwa utulivu, akaeleza yanasema nini na yamesemwaje.

Sisi katika kamati ya msikiti tumekuwa tukiwakusanya vijana baina ya Maghrib na Isha ili wapitie masomo yao, na jambo moja limetudhihirikia. Watoto hawashindwi kwa kukosa akili. Wanashindwa kwa kuwa wamezoeshwa kutafuta maana nje ya shairi: katika miongozo, katika maelezo ya mwenzao, au katika mawaidha waliyoyasikia minbarini. Ilhali ufunguo wa mashairi haya umo ndani ya nyumba zetu wenyewe.

Neno kabla ya maana

Tuchukue tungo mbili ambazo kila Mswahili anapaswa kuzijua. Ya kwanza ni Al-Inkishafi, ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, aliyeishi katika karne ya 18 hadi mwanzoni mwa karne ya 19. Ya pili ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu. Zote mbili zimetoka katika visiwa vya Lamu, na lugha yake ni ya huko.

Hapa ndipo kijana anapojikwaa mara ya kwanza. Mwana Kupona anapomwita binti yake, hutumia neno "ndoo". Mtoto wa mjini akilisoma, huona ndoo ya maji. Kumbe mama anasema "njoo". Katika Kiamu na lahaja za jirani zake, "nj" ya Kiswahili sanifu aghalabu huwa "nd", "ch" huwa "t", na "j" huwa "y". Kwa hiyo njia ni ndia, macho ni mato, nchi ni nti, na moja ni moya. Kanuni tatu tu hizi, zikieleweka, hufungua nusu ya milango.

Na zina faida nyingine ya moja kwa moja. Watahini hupenda kuuliza namna mshairi alivyotumia uhuru wake: inkisari anapofupisha neno, mazda anapolirefusha, tabdila anapolibadilisha bila ya kuathiri mizani. Kijana asiyejua lahaja huona "nti" akaandika kwamba mshairi ameligeuza neno "nchi" ili apate vina. Hapana. Mshairi hakugeuza kitu. Hiyo ndiyo lugha aliyonyonya kwa mamake. Jibu sahihi ni kwamba ametumia lahaja, na tofauti ya majibu hayo mawili ni tofauti ya aliyeelewa na aliyebahatisha.

Yako pia maneno yanayobeba maisha yaliyopita. Katika Al-Inkishafi yametajwa madaka. Kijana anayelijua neno kudaka kwa kipa wa mpira peke yake hatafika popote. Lakini mwenye bibi aliyelelewa katika nyumba ya mawe ataambiwa mara moja kuwa hayo ni matundu yaliyojengwa ukutani, ambamo watu wenye uwezo walipanga sahani zao za thamani. Akishajua hilo, ataona kwa nini mshairi amewaweka makinda ya ndege ndani ya matundu yale yale. Kwa picha moja hiyo, utajiri wa Pate na kuanguka kwake vimesemwa pamoja.

Nani anasema na nani

Baada ya neno, kijana aulize: nani anasema, na anamwambia nani? Katika lugha ya darasani tunamwita msemaji nafsineni na msemewa nafsinenewa. Wengi huyajua majina haya, ila huyataja bila ya kuyatumia.

Katika Al-Inkishafi, msemaji hatugombezi sisi. Anausemesha moyo wake mwenyewe, anauuliza kwa nini haujazinduka hali ya kuwa umeyaona mabaki ya majumba ya watu wakubwa. Jina la utungo lenyewe, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kufunuliwa, kuondolewa pazia. Kijana akishajua kwamba huyu ni mtu anayejilaumu, ataisikia toni yake ya huzuni na majuto, wala hataandika kwamba mshairi "anawakaripia watu wa Pate".

Kwa Mwana Kupona, msemaji ni mama mgonjwa, naye anamsemesha binti yake. Anaahidi kumvisha kidani cha lulu na marijani. Ajibuye kwamba mama anamgawia mwanawe mali ameisoma herufi akaiacha maana, kwa kuwa kidani hicho ni sitiari ya wasia wenyewe. Na kabla ya hapo, mama amemtaka binti aje na wino na karatasi. Tusipite hapa haraka. Mwaka 1858, katika Pate na Siyu, mwanamke ana elimu ya kutunga na anamtaka binti yake awe tayari kuandika. Mtahiniwa akiulizwa nafasi ya mwanamke katika jamii ya utendi huu, huo ni ushahidi anaoweza kuuonyesha kwa kidole.

Umbo lihesabiwe, lisidhaniwe

Vijana hukariri kwamba utenzi una mishororo minne katika ubeti, mizani minane katika mshororo, vina vya mishororo mitatu ya mwanzo kufanana, na kina cha mwisho kuwa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni sawa kwa Mwana Kupona. Lakini akiletewa ubeti wenye umbo la Al-Inkishafi, atakuta mizani kumi na moja, na pumziko baada ya silabi ya sita. Mpangilio wa vina unafanana na wa utenzi, mizani haifanani. Aliyekariri ataandika minane bila ya kuhesabu. Aliyefundishwa atahesabu kwa vidole, kama tulivyohesabu tasbihi, na atapata kumi na moja.

Vivyo hivyo kwa Muyaka bin Haji wa Mombasa, bingwa wa mashairi ya mishororo minne yenye vina vya kati na vya mwisho, mizani 16 iliyogawika minane kwa minane. Mengi katika mashairi yake yalizaliwa katika ushindani wa Mombasa ya Mazrui na miji mingine. Mwenye kulijua hilo haridhiki na maana ya juu juu. Hujiuliza mafumbo yale yanampiga nani.

Mawaidha si jibu

Sasa tuseme lile ambalo sisi watu wa misikiti na madrasa ndio tunaopaswa kulisema. Watoto wetu wana fadhila juu ya wenzao katika tungo hizi. Istilahi za Kiarabu hawazigeni, habari za kaburi na akhera wanazijua, adabu za wasia wamelelewa nazo. Lakini fadhila hiyo hiyo huwageuka. Wakiulizwa mshairi amejengaje taswira ya mji uliokufa, huanza kuwaidhi kuhusu mauti. Wanayoyaandika ni ya kweli, na hakuna Muislamu atakayeyapinga, lakini mtahini hakuuliza hayo. Aliuliza kuhusu matundu ya ukutani, ndege, taa zilizozimika na kimya cha majumba.

Hali ni hiyo hiyo pale Mwana Kupona anapotaja watano ambao binti atafute radhi zao: Mwenyezi Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Kijana mmoja hugeuza jibu likawa fatwa, mwingine likawa shutuma dhidi ya mila. Wahakiki wenyewe wametofautiana: wako walioona humo unyenyekevu mtupu, na wako walioona busara ya mwanamke anayejua namna ya kuishi katika jamii yake. Mtahiniwa ana ruhusa ya kuchagua upande. Asichokuwa na ruhusa nacho ni kusema bila ya kuonyesha ubeti.

Hili si geni kwetu. Hakuna mwanafunzi wa tafsiri anayeruhusiwa kuieleza aya kwa matamanio yake. Hutakiwa ajue lugha, ajue sababu ya kushuka kwake, atazame iliyotangulia na inayofuata. Shairi si Qur'ani, na hatulinganishi neno la kiumbe na la Muumba. Lakini uaminifu kwa maandishi ni tabia moja, na mtoto aliyeipata madrasani anaweza kuipeleka shuleni.

Wazazi tufanye nini

Hatuhitaji fedha nyingi. Kwanza, shairi lisomwe kwa sauti mara mbili au tatu kabla ya jambo lolote, kwa sababu tungo hizi zilitungwa zisikike. Pili, kijana apige mstari chini ya kila neno asilolijua, akamuulize mzee wa nyumbani au wa mtaani kabla ya kufungua kamusi. Tatu, auandike kila ubeti kwa lugha nathari, kwa maneno yake mwenyewe. Asipoweza kuuandika, ajue hajauelewa. Nne, ahesabu mizani na vina kwa mkono wake. Tano, kila hoja aiandikie mfano kutoka shairini. Mwongozo uje mwisho, kama hakimu wa kuhakikisha, usiwe mwalimu wa kwanza.

Na tuwaketishe watoto na bibi zao wangali hai. Bado wapo miongoni mwetu akina mama wanaozihifadhi tenzi hizi kwa moyo, ilhali wajukuu wao wanatoka jioni kwenda kulipia masomo ya ziada kuzitafuta. Mtihani utapita kwa saa chache na alama zitasahauliwa. Bibi akiondoka kabla ya kuulizwa neno lake, hakuna shule itakayotufundisha tena.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya ufahamu, awape utulivu katika chumba cha mtihani, na awajaalie elimu yenye manufaa duniani na akhera. Wabillahi tawfiq.